Nani Aliiuma Faranga ya Simba

Mmenijia tena na simu. Juzi alikuwa kijana wa Mutanga Nord, mtaa wa wenye pesa, viatu vyeupe, marashi yanafika mlangoni kabla yake. Akanisukumia simu puani.

"Papa Melki, angalia hii sarafu, iko na kosa la kiwanda. Banasema mu interineti inaweza kununua gari."

Nikamwambia toa hiyo simu, leta sarafu yenyewe, mi sipimi picha. Akaifungua kutoka kwenye pamba, utadhani ni jino la mtakatifu. Nikaipitisha kidole mara moja. Mara moja tu! Nikamwuliza, "Kwenu nyumbani muko na nyundo?"

"Iko, Papa."

"Basi kiwanda ni kwenu."

Hakucheka. Akakusanya sarafu yake na pamba yake akaenda, na kabla jua halijashuka nikasikia anatangaza mtaani kwamba mzee amezeeka macho. Macho! Mi sikutumia hata macho.

Ndiyo maana naandika. Nilisoma miaka mitatu kwa mapadri, na mwaka mmoja kati ya hiyo nililala malaria, kwa hiyo mkiona maneno yanatangatanga yafuateni tu, yatafika.

Kazi iliyonilisha ni kuchagua sarafu. Naona mnatazamana. Kuchagua, kama mama zenu wanavyochagua maharage: nzima huku, mbovu huku. Nilikuwa katika duka la sonara, kwenye mitaa ya maduka ya Waarabu, mji huu ulipokuwa Bujumbura kwenye karatasi na bado Usumbura mdomoni mwa watu. Mwenye duka alikuwa Bwana Nassor, Mwomani aliyezaliwa hapa hapa, na babu yake alizikwa hapa hapa. Dhahabu ilitoka upande wa Kongo. Ilikuja ndani ya mirija ya manyoya ya kuku, ndani ya pindo la kitenge, ndani ya boga lililotobolewa, na mahali pengine sitawaambia kwa kuwa wengine wenu ni wadogo. Ikifika mezani, ilipimwa kwa faranga.

Faranga ya simba. Ile ya shaba ya njano iliyozunguka siku za uhuru, yenye majina ya nchi mbili, yetu na ya jirani, kama sahani moja iliyowekwa mbele ya wageni wawili wasiosalimiana. Kikombe kimoja cha mizani dhahabu, kingine faranga. Mtaniuliza, mbona wasitumie mawe ya kweli ya mizani? Bwana Nassor alikuwa nayo, yamelala kwenye sanduku la mahameli kama watoto wa mfalme. Hakuna muuzaji aliyeyataka. Jiwe ni la tajiri, nani ajuaye amelitia nini tumboni? Lakini faranga ni ya kila mtu. Mama ametoka Fizi, kule Kongo, na dhahabu ya mwaka mzima, ana faranga yake amefunga kwenye nguo. Anaitoa, anaiweka kwenye kikombe mkabala na ya duka, mizani ikilala sawa roho inatulia, biashara inaanza.

Kwa hiyo faranga ya kupimia ilipaswa kuwa nzima kabisa. Na shaba inalika, vidole vinaila, jasho linaila. Kila baada ya muda Bwana Nassor alinituma soko la Jabe kuvunja noti kwa wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na wauza sigara. Narudi na mfuko unaonuka samaki, namwaga mezani, nachagua sita. Mfuko mzima, sita. Zilizobaki zinarudi sokoni kununua chumvi. Na zile zenye kasoro za kuzaliwa, nilizitia kwenye kopo langu la maziwa ya unga, kwa sababu aliyenifundisha aliniambia mtu asiyeweka wagonjwa hawezi kujua afya.

Aliyenifundisha ni Fundi Ramazani, mfua dhahabu wa duka. Mtu wa Fizi, mfupi, masikio makubwa, haamini kitu chochote ambacho hakukitengeneza mwenyewe. Kabla ya kuja huku alikuwa amekata vishikizo vya shaba kwa mashine, vishikizo vya sare za askari, kwa hiyo alijua tumbo la mashine. Darasa lake lilikuwa hivi: anakurushia sarafu kifuani.

"Hii imekufa na nini?"

"Sijui, fundi."

"We unajua nini? Unajua kula."

Na siku nyingine: "Hii je?"

"Imekwaruzwa, fundi."

"Imekwaruzwa! Mukwaruzo gani unasimama kama mushipa? Pitisha ukucha. Unapanda ao unashuka?"

"Unapanda."

"Basi apana mukwaruzo. Ni muhuri wa chuma ulipasuka, shaba ikaingia mu ufa. We ulikwaruzwa mu kichwa."

Hiyo ndiyo elimu yote, na ninyi na simu zenu hamjaifikia. Kilichoinuka juu ya sarafu, ilitoka nacho kiwandani, kwa sababu muhuri ukiwa na ufa, shaba inaujaza. Kilichozama, karibu kila mara kimepatikana njiani: msumari, jiwe, jino la mlevi anayejaribu kama ni dhahabu. Nasema karibu, kwa sababu kuna herufi zinazozama bila kosa la mtu. Grisi inajaa kwenye muhuri, shaba haipati nafasi, na herufi inatoka imefifia kama imesemwa na mtu mwenye chakula mdomoni. Mwingine ataniletea hiyo aniambie, "Papa, hii haina herufi, ni ya pekee!" Ya pekee! Nilikuwa nazo robo ya kopo.

Mwaka jana mmoja aliniletea sarafu nyembamba kama ganda la kitunguu, anasema ilitengenezwa kwa bamba lisilo lake. Nikainusa. Asidi ya betri ya gari. Asidi inakula pande zote sawa, simba anakonda, herufi zinakonda, kila kitu kinakonda pamoja kama familia yenye njaa. Mwingine alileta yenye simba pande zote mbili. Nikaigonga mezani, haikulia. Sarafu nzima inalia, hata ukiwa kiziwi unaisikia kwenye kidole. Hiyo ilisema "tup," kama ndizi. Ni sarafu mbili zilizokwanguliwa zikabandikwa mgongo kwa mgongo. Nikamwuliza alinunua kwa nani. Kwa rafiki yake wa Cibitoke, alisema, mtu mwaminifu. Sawa. Salimia.

Basi ngoja niwape ile iliyoumwa, maana ndiyo inayonihusu, na ndiyo niliyoilipia.

Kule kiwandani wana bamba refu la shaba. Kisu cha duara kinashuka, kinakata visahani, vile vile mama anavyokata maandazi kwa mdomo wa glasi. Bamba likichelewa kusogea, kisu kinaangukia tundu lililokwisha kukatwa, na kisahani kinatoka na pengo la mviringo, kama andazi la mwisho kwenye unga. Hilo mnaliona wote. Lakini kabla ya kupigwa muhuri, kisahani kinapitishwa kwenye mashine inayokibana pande mbili kwa pamoja ili ukingo uinuke. Upande mmoja ukiwa ni pengo, upande wa pili unabanwa na nini? Na hewa. Kwa hiyo tazama ng'ambo ya pengo, moja kwa moja, kama mtu aliyekaa mwisho mwingine wa meza. Hapo ukingo umelegea na herufi zimefifia. Mwizi mwenye tupa anaweza kuchonga pengo zuri kuliko la kiwanda. Ng'ambo hagusi, kwa sababu hajui kama kuna ng'ambo.

Ramazani alinirudishia somo hilo mpaka nikaota.

Sasa upumbavu wangu. Nilikuwa na mke, mtoto mmoja, na maringo ya watu kumi. Karibu na duka palikuwa na muuza kahawa, na wanaume waliokaa pale walijua sifa zangu kwa sababu mi mwenyewe niliwasimulia. Asubuhi moja nimerudi na mfuko kutoka Jabe, mmoja akasema, "Melki, unaweza kuchagua macho yamefungwa?" Nikasema nifungeni. Wakanifunga kitambaa. Nikakaa pale barabarani, mfuko mapajani, nikachagua sita kwa kidole gumba tu, huku wanapiga makofi kila moja inapotoka. Ya sita ilinipita. Kidole kilikuwa kinasikiliza makofi.

Sheria ya duka ilikuwa nikishachagua, nizipime kwenye mizani moja kwa nyingine. Sikuzipima. Wanaume wale walikuwa wamenifuata mpaka mlangoni, na kupima mbele yao ingekuwa kusema sijiamini. Nikaenda moja kwa moja kwenye rangi. Maana kila faranga ya duka ilipakwa tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye ukingo, muuzaji asije akaibadilisha kwa yake. Ya sita, brashi ikakuta kijishimo kidogo ukingoni, karibu na mkia wa simba, kama ukucha wa mtoto. Nikafurahi! Nikasema hapa rangi itakaa haitabanduka. Nikakijaza vizuri.

Hebu fikirini. Mtu anayelipwa kutafuta kasoro, ameikuta, ameipaka rangi.

Faranga hiyo ilikaa dukani miezi. Ilikuwa nyepesi kuliko wenzake, kwa hiyo kila ilipokaa kwenye kikombe muuzaji aliweka dhahabu pungufu na kulipwa kamili. Na kuna mtu mmoja aliyejua. Mama Bitasimwa, mjane wa Fizi, hajui hata kuandika jina lake. Alikuja kila baada ya majuma machache, anakaa, anavua viatu, anachungulia sahani yenye faranga sita na kusema, "Nipimie na ule simba wa pembeni, ananipenda." Tukacheka. Mi nikamwambia, "Mama, masimba yote ni ndugu." Akanitazama, akasema, "Ego, ndiyo, mwanangu. We ndiye fundi."

Ikafika Jumanne moja. Bwana Nassor alikuwa amekwenda kuuza dhahabu kwa mnunuzi aliyekuwa na mizani kama ya duka la dawa, ya ndani ya kioo. Akarudi na uso wa majivu. Dhahabu yake ilikuwa imeonekana pungufu. Alizitoa faranga sita, akazipima moja kwa nyingine mbele yetu. Sawa, sawa, sawa. Halafu kikombe kimoja kikapanda. Akachukua kisu, akakwangua rangi nyekundu. Pengo likaonekana. Akaitupa mezani, ikazunguka ikalala mbele yangu.

"Wallahi mmenila," alisema. "Nani kaitia tupa?"

Mle ndani mwenye tupa alikuwa mmoja tu. Ramazani alikuwa amekaa na tupa mkononi, ndiyo kazi yake.

"Bwana, mi apana," alisema. "Leta niiangalie."

"Uiangalie uimalizie? Na yule mama wa kwenu, mbona kila siku anaitaka hiyo hiyo? Mmekubaliana lini?"

"Leta niiangalie, Bwana. Iko na jibu yenyewe."

Bwana Nassor akaitia kwenye kasha la chuma, akafunga. Akasema anampa mpaka Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya swala wenye maduka ya dhahabu walikuja kwake kunywa kahawa. Ramazani akikiri kabla ya hapo, ataondoka kimya. Asipokiri, atatangazwa mbele yao wote. Mnaelewa maana yake? Masonara wa mji huu walikuwa wachache kama vidole. Mtu akitajwa pale kwamba anakata mizani, hakuna atakayempa hata kiti cha kukalia, hapa wala ng'ambo ya ziwa. Na dhahabu ndiyo kitu pekee alichojua, achilia mbali vishikizo.

Ramazani akanigeukia. Hakunigeukia kama mtu anayeomba. Alinigeukia kama siku zote, kama anayerusha sarafu kifuani.

"Melki. Ililala mbele yako. Ng'ambo yake ikoje?"

Niliiona, wanangu. Faranga ilikuwa imelala pale muda wa kutosha kunywa glasi ya maji, na macho yangu yalikwenda ng'ambo yenyewe, kwa mazoea, kama ng'ombe anavyorudi zizini. Ukingo umelegea. Herufi tatu zimefifia. Iliumwa na mashine. Na nikiisema hiyo, swali linalofuata ni: nani aliichagua, na nani aliipaka rangi?

"Sikuangalia, fundi," nilisema.

Akanitazama kidogo. Akarudi kwenye tupa yake.

Jumatano nilikwenda kazini. Ramazani pia alikuja, kwa sababu ya pete ya arusi aliyokuwa hajaimaliza, na hakutaka mtu mwingine aiharibu. Tulikaa chumba kimoja siku nzima. Hakuniuliza tena. Mngeona jinsi nilivyokuwa na bidii! Nilifuta mizani mara tatu, nilifagia chini ya meza, nilichemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mtu mwoga ni mfanyakazi hodari sana. Ukimwona mtu anafagia mahali pasafi, mwulize anajua nini.

Alhamisi nilitumwa Jabe. Nimechuchumaa mbele ya meza ya ndagala nahesabu chenji, kivuli kikanisimamia. Mama Bitasimwa.

"We fundi wa kidole."

"Mama, karibu."

"Wacha karibu yako. Bananiambia Nassor ananitaka kesho, anasema nimekula na Ramazani. Mi sikukula na Ramazani. Mi nilikula peke yangu, na macho yangu. Ile faranga niliijua tangu siku ya kwanza. Uliipaka rangi mu kidonda."

Nikatazama ndagala.

"Sasa sikiliza, mutoto wa watu," akasema. "Mi nikisema nilijua, nitaitwa mwizi. We ukisema, utaitwa mujinga. Mujinga hafungwi. Kama mujinga angefungwa, huyu mji ungekuwa na nani?"

Akanunua ndagala zake, akapunguziwa bei, akaenda. Muuza samaki akaniuliza, "Ni mama yako?" Nikasema apana. "Pole," akasema, sijui kwa nini.

Ijumaa asubuhi, mke wangu akinichemshia uji, nilimwaga kopo langu juu ya mkeka. Nikatoa zote zilizoumwa, zilikuwa nne. Nikazigeuza. Zote nne, ng'ambo imefifia. Nilikuwa najua. Nilitaka tu kitu cha kushika mkononi, maana mdomo peke yake sikuuamini.

Wenye maduka walikuja, wazee watano wenye kofia safi, kahawa ikamiminwa, halua ikakatwa. Mama Bitasimwa alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, viatu amevua kama siku zote, anakula halua ambayo hakukaribishwa. Ramazani amesimama. Pete ya arusi alikuwa ameimaliza, imewekwa mezani. Bwana Nassor akaitoa faranga kwenye kasha, akaanza, "Mabwana, nina neno la aibu..."

Nikasema, "Bwana, naomba niseme mimi."

Alikuwa hajawahi kunisikia nikikatiza mtu. Hata wazee waliweka vikombe chini.

Nikawawekea nne zangu mezani. Nikawaonyesha pengo, nikawaonyesha ng'ambo. Mmoja wa wazee wale akacheka. "Unataka kutwambia mashine ya Ulaya imekosea? Mashine?"

Hapo nilisikia hasira, na namshukuru kwa hasira hiyo. Kwa sababu tangu Jumanne hakuna hata mmoja aliyekuwa amejiuliza swali hilo. Mashine iliyokuwa mbali, ambayo hawajaiona, haikosei. Lakini mtu waliyekula naye miaka, aliyewatengenezea pete za wake zao, huyo alikosea bila kuangaliwa. Wafalme wanaondoka, bendera zinashonwa upya, na mtu bado anaamini chuma cha mbali kuliko mkono wa jirani.

Nikamwambia, "Mzee, nipe faranga yako yoyote." Akanipa. Nikampa Ramazani. "Fundi, ichonge." Ramazani akaichonga pengo, mara nne za tupa, safi, pengo zuri kuliko la kiwanda kama alivyoniambia zamani. Nikaigeuza. Ng'ambo ilikuwa imesimama, herufi zote kali. Nikaiweka upande mmoja. Halafu nikamnyoshea mkono Bwana Nassor, akanipa ile ya duka, polepole. Nikaiweka kando ya nyingine.

Walipitisha mkono kwa mkono. Yule aliyecheka aliishika muda mrefu zaidi. Akainama, akavua miwani, akavaa miwani. Akamwambia Nassor, "Imelegea, ndugu yangu."

Bwana Nassor hakuwa mjinga. Alinigeukia.

"Nani aliichagua?"

"Ni mi."

"Ulizipima?"

"Apana."

"Nani alipaka rangi?"

"Ni mi, Bwana."

"Na umelijua lini jambo hili?"

Ramazani alikuwa ananitazama. Nikasema, "Leo asubuhi. Nimetazama kopo langu nikaelewa."

Mama Bitasimwa akakohoa. Ilikuwa halua, labda.

"Chukua kopo lako," Bwana Nassor akasema. "Na uchukue na huyu simba. Sitaki kumwona." Akamgeukia Ramazani, akalainisha sauti. "Fundi, keti. Yamekwisha."

Ramazani hakuketi. Alikusanya tupa zake, koleo zake, kinyundo chake, akafunga ndani ya kitambaa bila haraka. Bwana Nassor akauliza, "Unamfuata huyu mjinga?"

"Simufuati," Ramazani akasema. "Nakuacha we. Ni vitu mbili tofauti."

Aliniambia hivyo hivyo tulipofika barabarani. "Usifikiri nimekufuata." Nikasema sifikiri. Tukaenda Jabe, yeye mbele, mi nyuma na kopo linalia. Tukapata meza chini ya bati la mshona nguo, akaanza kutengeneza hereni za shaba na kurekebisha mizani za wauza viungo. Mi nilikuwa nachagua, napima, nafagia. Tulikaa kwenye meza hiyo miaka mingi. Mfalme aliondoka, jamhuri ikaja, zikaja zile sarafu za alumini nyepesi kama ganda la kiroboto, ukipiga chafya mezani zinahama. Ramazani alizishika mara moja akasema hizi haziwezi kupima hata uongo. Mama Bitasimwa alikuwa mteja wetu, hereni zake hakulipa hata moja, na hakuna aliyemwuliza.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya salamu, Ramazani alitoa ile faranga iliyoumwa, niliyomwachia aitunze, kwenye kisanduku cha kiberiti, akaiweka mbele yangu.

"Ng'ambo yake ikoje?"

"Imefifia, fundi."

Akairudisha. Ndiyo hivyo tu. Kila asubuhi, hata akiwa na homa, hata asubuhi mtoto wangu wa pili alipozaliwa. Watu wa Jabe walidhani ni dua yetu. Nilidhani ananidhihaki kwa kutochagua vizuri, na nilijiambia ni haki yake, nitadhihakiwa mpaka achoke. Hakuchoka.

Alipokuwa mgonjwa ule ugonjwa wa mwisho, nilikuwa nakwenda kwake asubuhi na chai kwenye chupa. Siku moja alikuwa amelala, midomo mikavu, kisanduku cha kiberiti kiko kifuani. Akakifungua mwenyewe, kwa taabu. Akaniwekea faranga kiganjani.

"Ng'ambo yake ikoje?"

"Imefifia, fundi."

Hakuichukua. Akauliza lingine, ambalo hakuwahi kuuliza miaka yote ile.

"Uliona siku gani?"

Mkewe alikuwa mlangoni. Kuku walikuwa uani. Ningeweza kusema Ijumaa. Nilikuwa nimeisema Ijumaa hiyo kwa muda mrefu mpaka imekuwa laini mdomoni.

"Jumanne," nilisema. "Niliona Jumanne, fundi. Ilikuwa imelala mbele yangu."

Akafumba macho. Masikio yale makubwa hayakutikisika.

"Mi nilikuona ukiiona," akasema. "Nilikuwa nangoja useme. Umechelewa kama punda. Sasa mimina chai."